Mshauri wa Moto Anayehitajika Nainokanoka

Gari la zimamoto likitoka Karatu mjini kwenda kijiji cha Nainokanoka, lazima lipite lango la Lodoare, lipande msituni mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, lizunguke ukingo huo kwa upande wa mashariki kwenye barabara ya vumbi, ndipo lielekee nyanda za juu zilizo chini ya mlima Olmoti. Masika ikinyesha, vumbi hugeuka tope. Ukungu ukishuka, dereva haoni mbele. Hata siku ya jua na barabara kavu, safari hiyo huhesabiwa kwa saa. Sasa weka safari hiyo kando ya kipimo kingine. Wataalamu wa maabara ya UL nchini Marekani waliunguza vyumba viwili kwa majaribio, kimoja chenye fanicha za zamani za mbao na pamba, kingine chenye vitu vya kisasa vya sponji na plastiki. Chumba cha zamani kilichukua karibu dakika 30 kabla ya kila kilichomo kulipuka moto kwa mara moja. Kile cha kisasa hakikumaliza dakika 5. Duka la kijijini siku hizi limejaa vitu vya aina hiyo ya pili: magodoro, ndoo, mabegi, viatu vya plastiki, vocha na betri. Kwa hiyo duka la Nainokanoka likishika moto, hakuna gari popote nchini linaloweza kuliwahi, hata serikali inunue magari mangapi.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Kwa wafanyabiashara wadogo walio mbali na mji, moto hushindwa au hushinda kabla haujawaka, kwa namna bidhaa zilivyopangwa, mlango ulivyowekwa, mtungi wa gesi ulivyofungwa na petroli ilivyohifadhiwa. Mambo hayo yanahitaji mtu wa kuyaangalia pamoja na mwenye duka, mtu aliyesomea kazi hiyo na anayeifanya kama kazi yake ya kudumu. Mtu huyo ni mshauri wa usalama wa moto. Tarafa ya Ngorongoro, na jirani yake Karatu, zingefaa kuwa mahali pa kwanza nchini pa kufundisha vijana kazi hiyo, tena vijana wa hapohapo. Hasemwi hapa askari wa zimamoto, wala fundi umeme, wala muuza mitungi ya kuzimia moto, ingawa atahitaji kufahamu kidogo kazi ya kila mmoja wao. Kazi yake ni kusoma chumba, kuuliza maswali, kueleza hatari kwa lugha ambayo mwenye chumba anaielewa, kisha kurudi baada ya muda kuona kilichofanyika.

Chukua fremu ya kawaida ya mbao na mabati, kama zilivyo nyingi vijijini. Ina mlango mmoja. Nje ya mlango, juu ya benchi, kuna chupa za maji zilizojazwa petroli kwa ajili ya bodaboda; jioni zinaingizwa ndani zisiibwe, na zinawekwa palepale nyuma ya mlango. Pembeni kuna betri ya sola inayochaji simu za wateja kumi au zaidi, waya zake zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa plastiki. Magodoro yamesimamishwa ukutani mpaka darini. Nyuma ya pazia kuna kitanda, kwa sababu mwenye duka au kijana wake hulala humo kulinda mali. Mtu asiyefundishwa akiingia humo ataona upungufu mmoja tu: hakuna mtungi wa kuzimia moto. Atashauri ununuliwe, na ataondoka. Mshauri aliyefundishwa ataanza na anayelala nyuma ya pazia. Atajiuliza: usiku, moto ukianzia kwenye petroli iliyo nyuma ya mlango pekee, huyu atatokea wapi? Ushauri wake wa kwanza utagharimu chombo na kikasha tu. Petroli isilale ndani. Ihifadhiwe nje, mbali na mlango, kivulini, kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana, ndani ya kikasha kinachofungwa kwa kufuli. Wa pili utagharimu bawaba na komeo: dirisha la nyuma lifunguke kutoka ndani, lipitishe mtu mzima. Wa tatu ni magodoro yasogezwe mbali na betri. Mtungi wa kuzimia moto utafuata baadaye, na atamweleza mwenye duka ukweli wake: ule wa unga wa kilo 6 humaliza kazi kwa chini ya nusu dakika, kwa hiyo ni wa moto mdogo unaoanza, na aushikaye asimame upande wa mlango ili akishindwa aweze kutoka.

Wapo watakaosema kwamba jamii ya wafugaji wa nyanda hizi haina haja ya kufundishwa moto. Pingamizi hilo lina uzito na halistahili kupuuzwa. Wamaasai wamechoma nyasi kwa vizazi vingi, kwa makusudi na kwa majira, ili kupunguza kupe na kupata majani mapya. Uchomaji ulipopigwa marufuku ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, nyasi ngumu zisizoliwa na ng'ombe zilitanda sehemu kubwa ya nyanda za juu, na watafiti wamelijadili jambo hilo kwa miaka mingi. Basi wenyeji wanaujua upepo, wanaujua unyevu wa nyasi, wanajua moto unavyopanda kilima. Lakini ujuzi huo ni wa moto wa kuni na nyasi. Petroli ina tabia nyingine kabisa. Mafuta ya taa, ambayo wazee wameishi nayo, hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi; petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata ikiwa katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Nainokanoka, kali kama ilivyo, haiilazi petroli. Mtu anayeziona chupa mbili zinazofanana, moja ya mafuta ya taa na moja ya petroli, akazitendea sawa, hana kosa la ujinga. Anatumia uzoefu wa kweli mahali usipofaa. Mshauri mzuri huanza na kile mwenyeji anachokijua, kisha humwonyesha mpaka wa ujuzi huo uko wapi.

Gesi inalifanya jambo hili kuwa la haraka. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Lengo ni jema, kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu pia. Ila mitungi inasafiri haraka kuliko maarifa yake. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni, ikajikusanya mahali pa chini, ikangoja cheche. Dirisha la juu pekee halitoshi kuitoa; inahitaji upenyo chini ya mlango. Kisha kuna jambo linaloihusu zaidi nchi ya baridi. Butani huacha kugeuka gesi joto linapokaribia sifuri, hivyo alfajiri ya baridi kali moto wa jiko hunyong'onyea wakati mtungi bado una gesi. Hapo mpishi wa mgahawa au wa kambi ya watalii hushawishika kuusogeza mtungi karibu na mafiga ili upate joto. Kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam hakitakuwa na onyo hilo, kwa kuwa Dar es Salaam hakuna anayelihitaji. Mafunzo ya mshauri wa Nainokanoka lazima yawe nalo, pamoja na hatari ya kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa, ambalo huua kwa hewa yake hata pasipo kuunguza kitu.

Pingamizi la pili ni la kisheria. Tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tuna Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya 2007 iliyolipa mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti, tuna namba 114 ya kupiga wakati wa dharura. Kwenye maeneo ya kazi tuna OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na sheria yake ya 2003. Kwa nini kuongeza mtu mwingine? Kwa sababu mkaguzi na mshauri hawawezi kuwa mtu mmoja mbele ya mfanyabiashara mdogo. Mkaguzi anakuja na mamlaka ya kudai, kutoza na hata kufunga. Mwenye duka akimwona mlangoni, jambo la busara kwake ni kuzificha chupa za petroli, na zikifichwa hatari huongezeka. Kwa mshauri, mwenye duka anaweza kusema wazi: nauza petroli, nalala humuhumu, waya hizi niliunganisha mwenyewe. Bila maungamo hayo hakuna ushauri wa maana. Tena hesabu ni ndogo: askari wachache wa wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika hawawezi kuingia kila fremu, wala hawapaswi kulaumiwa kwa hilo.

Sheria peke yake haizimi moto, na Kenya imeliona hilo kwa uchungu. Kanuni za huko za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinamtaka kila mwenye eneo la kazi akaguliwe na mkaguzi wa moto aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Kwa maneno mengine, Kenya iliifanya kazi hii kuwa taaluma yenye orodha ya watu wanaotambulika, na hapo Tanzania ina la kujifunza. Hata hivyo tarehe 28 Januari 2009, kanuni zikiwa na umri wa miaka miwili tu, duka kubwa la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi liliungua na watu zaidi ya 20 wakafa. Na soko la Gikomba, lenye wauza mitumba na mafundi mbao wasio na namna ya kumlipa mkaguzi wa makampuni, limeungua tena na tena; moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Dar es Salaam nako, Julai 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua, na ndani ya miezi michache, Januari 2022, likafuata soko la Karume. Masoko haya yote yako mjini, si mbali na magari ya zimamoto. Anayeamini kwamba tatizo la Nainokanoka ni umbali tu, ayatazame haya. Kilichokosekana mjini na kijijini ni mtu wa kuwafikia wadogo kabla ya moto, kwa bei ya wadogo.

Je, nchi yetu imewahi kuinua biashara ndogo zenye hatari kwa kuzifundisha badala ya kuzifunga? Imewahi, na ilifanikiwa. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Kabla yake, maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza dawa ambazo sheria haikuyaruhusu, kwa watu ambao hawakuwa na pa kuzipata kwingine. Serikali ingeweza kuyafunga, na wagonjwa wangebaki bila kitu. Badala yake wauzaji walifundishwa, maduka yakawekewa viwango vinavyofikika, yakasajiliwa, na mpango ukaenea mikoa yote ya Bara. Ndivyo ilivyo kwa petroli ya chupa. Kuipiga marufuku tu kijijini ambako bodaboda ndiyo gari la mgonjwa ni kuihamishia uvunguni mwa kitanda. Afadhali iuzwe kwa namna inayojulikana na kusimamiwa, mpaka siku kituo halali cha mafuta kitakapofika.

Mafunzo yenyewe basi yaweje? Tunavyo vipande vyake tayari. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina uzoefu wa kufundisha ufundi kwa wasiofika chuo kikuu. Jeshi la Zimamoto lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, na walimu wanaoujua moto kwa kuugusa. OSHA ina mitaala ya tathmini ya hatari kazini. Kinachokosekana ni kuviunganisha kwa ajili ya mtu huyu mmoja. Ningependekeza miezi sita: nusu darasani na nusu vijijini chini ya msimamizi. Darasani aanze na jinsi vitu vinavyoungua, kwa majaribio anayoyaona kwa macho, si kwa kukariri pembetatu ya joto, hewa na kinachoungua. Aone mvuke wa petroli ukishika moto kabla ya petroli yenyewe. Aone maji yakimwagwa kwenye kikaango cha mafuta yanayowaka, akiwa mbali na nyuma ya kinga, na baada ya hapo hatahitaji kukumbushwa. Aguse shuka mbili, moja ya pamba na moja ya akriliki, aone ipi huyeyuka na kushika ngozi, maana hapa watu wanapotaka kufunika moto kitu cha kwanza kilichopo mkononi ni shuka. Ajue kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi na kulisoma. Ajue waya uliopata moto kwa kuushika na kwa harufu yake.

Lakini sehemu ngumu zaidi ya mafunzo haihusu moto. Ni kuongea. Kijana wa miaka 23 atamwendea mama mwenye mgahawa anayemzidi umri mara mbili, atamwamkia, atakaa, atangoja wateja wapungue, na atauliza kabla ya kuonyesha kidole. Kwa wengi wa Nainokanoka mazungumzo hayo yatakuwa kwa Kimaasai, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumfundisha mtoto wa hapohapo badala ya kumleta mgeni wa wiki moja. Ajifunze kuandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu tu ya kufanya, yakiwa yamepangwa kwa uzito, kila moja na gharama yake. Mwenye duka akipewa mambo ishirini hafanyi hata moja. Na ajifunze kurudi. Ziara ya pili, baada ya mwezi, ina faida kuliko ya kwanza, maana ndipo mshauri anapogundua ushauri gani ulikuwa wa kitabuni tu.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mshauri nusu ni hatari kuliko kutokuwa na mshauri, kwa sababu humpa mtu amani ya uongo. Ni kweli, na Uingereza ni shahidi. Amri ya usalama wa moto ya 2005 ilimpa mwenye jengo wajibu wa kufanya tathmini ya hatari, lakini haikumtaka anayeifanya awe na cheti chochote. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakafa. Uchunguzi uliotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024 ulipendekeza, miongoni mwa mengi, kwamba watathmini wa hatari ya moto wathibitishwe kwa lazima. Nchi tajiri ilijifunza kwa kuchelewa. Sisi tuna nafasi ya kuanza vizuri. Mshauri wetu asajiliwe, cheti chake kiwe na muda, na kiandikwe wazi mipaka yake: fremu, migahawa, karakana ndogo, mashine za kusaga, maduka ya pembejeo za mifugo. Hoteli ya ghorofa, bweni la shule au kituo cha mafuta si vyake. Akivikuta, aviandikie Jeshi. Sharti jingine liwe kali: mshauri asiuze mitungi ya kuzimia moto wala asipokee kamisheni ya anayeiuza. Siku atakapoanza kuuza, kila chumba kitaonekana kina upungufu wa mtungi.

Na nani atamlipa? Muuza duka mwenye mtaji mdogo hatalipa bei ya mshauri wa mjini, na si haki kumdai. Ila mshauri anayeishi kati ya Karatu na nyanda za juu ana wateja wa aina mbili. Karatu ina loji, hoteli, gereji na kambi za watalii nyingi zinazowajibika kisheria kwa usalama wa wafanyakazi na wageni wao, na hizo zinaweza kumlipa ada kamili ya mafunzo kwa wapishi na walinzi wao. Kwa wadogo, halmashauri zina mkono. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachokopa kufungua mgahawa au kununua bidhaa kingeweza kutembelewa na mshauri kabla ya fedha kutoka, na gharama ya ziara ikawa sehemu ndogo ya uendeshaji wa mfuko. Halmashauri ingekuwa inalinda fedha yake yenyewe, maana duka lililoungua halirejeshi mkopo.

Wengine watauliza kama kuna maana ya kuwekeza Nainokanoka wakati tangu 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia kijiji cha Msomera, nje ya hifadhi, na mjadala wa wanaobaki haujatulia. Swali hilo linazidisha hoja. Mahali ambapo, kwa sababu ya hifadhi, ruhusa ya kujenga kwa matofali na saruji ni ngumu kupatikana, watu hufanya biashara kwenye mbao na mabati, na kwenye mbao ushauri una faida zaidi. Ujuzi nao haubaki nyuma kama jengo. Kijana atakayeupata ataufanyia kazi Nainokanoka, Karatu, Mto wa Mbu au Msomera, popote atakapoishi.

VETA, Jeshi la Zimamoto na halmashauri za Ngorongoro na Karatu zikae meza moja, ziandike mtaala huo mfupi, zichukue darasa la kwanza la vijana wa kike na wa kiume wanaojua Kiswahili na Kimaasai, na zikubali mapema kupima kazi yao kwa idadi ya milango ya pili iliyofunguliwa na petroli iliyotolewa vyumbani, si kwa idadi ya vyeti. Nawe msomaji mwenye fremu, usisubiri darasa hilo: kama petroli yako inalala nyuma ya mlango, itoe leo kabla ya kufunga duka.